Ijumaa Niliyomwita Mume Wangu Wesley

Vuai alituita kando ya geti la makanisa pale Mesaimeer, huku kwa Waarabu tunakofanya kazi, akaanza kutupa masharti, utadhani ndiye mchungaji tuliyetoka kumsikiliza. Vuai ni Mwislamu wa Zanzibar, dereva wa teksi, na ndiye kapteni wa timu ya mpira ya walinzi na madereva. Kila Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yetu ya mapumziko na ya ibada, akimaliza swala yake hukimbilia Mesaimeer kuwaokota wachezaji wake Wakristo kabla hawajatawanyika kutafuta chapati.

Siku hiyo kulikuwa na nusu fainali, na beki wake, Wesley, alikuwa amebandikwa zamu ya ghafla kwenye jengo moja la The Pearl, mtaa wa matajiri. Mume wangu Japheth alikuwa huru, lakini hakuandikishwa kwenye ligi. Ni mrefu kama Wesley, tena wote wawili wamenyoa upara. Kwa hiyo Vuai alikuwa ameshapanga kila kitu bila kutuuliza.

"Kitambulisho cha Wesley hiki, kitie mfukoni," akamwambia. "Chako nipe, nampelekea yeye sasa hivi, asikae kazini mikono mitupu. Toka dakika hii wewe Wesley. Ukiitwa Japheth, usigeuke. Refa ni Oloo, Mkenya mwenzenu, macho yake makali. Na wewe shemegi, nakuomba sana, hayo mambo ya Baba Nekesa leo basi. Wesley hana mke. Wewe shabiki tu."

Nilicheka, lakini roho iliniuma kidogo. Baba Nekesa ndilo jina pekee ninalomwita tangu tumpate binti yetu, ambaye tulimwacha kwa mama yangu nyumbani Kimilili. Mimi natunza watoto wa madam mmoja na nalala huko huko. Yeye analala kambi ya kampuni. Tunaonana Ijumaa peke yake, na sasa hata Ijumaa yenyewe mume wangu ameazimwa, nirudishiwe jioni.

Kiwanja kilikuwa vumbi na kokoto nyuma ya karakana za magari. Oloo alikagua vitambulisho, akamtazama Japheth, akatazama picha, akampitisha. Mpira ukaanza. Mimi nikakaa kwenye tofali, nimevaa gauni la kanisani, nashangilia mtu anayeitwa Wesley.

Halafu ikapigwa kona. Japheth aliruka, na yule mshambuliaji wao naye akaruka, vichwa vikagongana. Nilisikia mlio wake kutoka pale nilipokaa. Yule mwingine alianguka akapiga kelele. Wangu alianguka kimya, bila hata kutanguliza mikono.

Nilisimama. Lakini kabla sijafika mstarini alikuwa ameshakaa, Vuai anammwagia maji kichwani. Oloo akainama. "Unaitwa nani, kijana?"

Japheth alikawia. Akapangusa maji usoni. "Wesley," akasema.

Kina Omondi, wachezaji wenzake, waligeuka pembeni kuficha vicheko. "Aisee, huyu jamaa ni noma," Omondi akanong'ona. "Amegongwa na bado anashikilia script!" Hata mimi niliziba mdomo nikacheka, maana kwa kweli ilichekesha. Mechi ikaendelea.

Alipokuja kurusha mpira upande wangu, nikamwita polepole, kwa utani tu: "Baba Nekesa." Hakugeuka. Nikaita tena. Akanitupia jicho kama unavyomtazama mtu mliyeshuka naye basi moja, akarusha mpira, akaondoka. Nikajiambia, kumbe nimeolewa na mwigizaji, na miaka yote hii amenificha.

Mapumziko yalipofika, alitapika kando ya ukuta. Nilimfuata na chupa ya maji.

"Ni jua tu hilo," Vuai akasema. "Na mpilau wenu wa kanisani."

"Pilau gani? Huyu amekunywa chai peke yake. Vuai, mtoe."

"Shemegi, sina mtu mwingine. Tukipungua tumekwisha." Akamshika bega. "Upo sawa, mwanangu?"

"Niko sawa," Japheth akasema, mkono ukiwa umekamata kisogo. "Tumefungwa ngapi?"

"Hatujafungwa. Bila kwa bila."

"Poa." Akanywa maji. "Tumefungwa ngapi?"

Omondi akamjibu. Akaitikia kwa kichwa, akatazama chini, kisha akauliza tena vile vile, kwa sauti ile ile. Wenzake wakacheka kidogo zaidi. Mimi sikucheka tena, kwa sababu kuuliza bao ngapi hakukuwa kwenye masharti ya Vuai. Jina, sawa. Mke, sawa. Hilo la bao nani alimfundisha?

Wakamrudisha uwanjani hivyo hivyo. Mtu mzima, kapteni, baba wa watoto, akamrudisha uwanjani mtu anayetapika! Japheth akasimama akilitazama goli letu wenyewe, amekinga jua kwa mkono, na mpira ukampita miguuni asiuone. Hapo sikungoja mtu. Niliingia katikati ya kiwanja na viatu vyangu vya kisigino. Oloo akapiga filimbi, watu wakazomea, nikamshika mkono, nikamvuta nje.

Alinifuata. Hakuuliza mimi ni nani wala tunakwenda wapi. Mume wangu hawezi kufuatana na mtu mpaka sokoni bila kubishana njia nzima, na siku hiyo alinifuata kama mtoto. Hilo liliniogopesha kuliko kutapika.

Vuai aliona uso wangu akaacha ubishi. Alimwachia Omondi timu, akaleta teksi. Nilikaa nyuma na Japheth, kichwa chake begani kwangu. Magari yalijaa barabarani, watu wakirudi kutoka matembezini.

"Sasa hakuna refa hapa," nikamwambia. "Mchezo umekwisha. Wewe ni nani?"

"Wesley."

"Vuai, mwambie aache!"

"Mwanangu, basi," Vuai akasema, akimtazama kwenye kioo. "Tumeshatoka. Sema jina lako."

"Si nimesema? Wesley."

Nilimgeuza uso. Jicho moja mboni yake ilikuwa imepanuka kuliko ya pili. "Nekesa ni nani?"

Alifikiri. Niliona akifikiri kwa bidii, kama mtu anayetafuta funguo gizani. "Sijui," akasema. "Mimi sina mke."

Vuai alipiga honi, akakanyaga mafuta. Mimi nilikuwa nalia, na nilikuwa namuomba Mungu kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, kwa kila lugha niliyoijua, asimchukue mume wangu akiwa na jina la mtu mwingine.

Mlangoni pa hospitali Vuai akanishika kiwiko. "Shemegi, nisikilize. Kitambulisho alichonacho ni cha Wesley. Wakijua, tumekamatwa: mimi, yeye, Wesley. Wanaturudisha makwetu sote. Acha aandikishwe Wesley. Dawa ni ile ile."

Nilinyamaza, kwa sababu nami niliogopa. Mshahara wake ndio unaomsomesha Nekesa. Nikamwona karani akiichukua ile kadi, akaandika. Nikamwona Japheth akilazwa kitandani.

Daktari alikuwa Msudani, mpole, macho mekundu kwa uchovu. Alisoma karatasi, akauliza kwa Kiingereza, "Jina lako nani?"

"Wesley."

Daktari akaitazama karatasi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Vizuri sana. Leo siku gani?"

"Ijumaa." Nani huku asiyeijua Ijumaa?

"Na huyu mama ni nani?"

Japheth alinitazama. "Shabiki wetu," akasema.

"Safi. Anajitambua vizuri," daktari akasema, akaanza kuandika. "Tutampa dawa ya maumivu apumzike kidogo, kisha—"

Ule uongo wetu ulikuwa umemfanya mgonjwa aonekane mzima. Alikuwa anafaulu mtihani kwa majibu ya Vuai, na daktari alikuwa anamwekea alama ya vema.

"Hapana!" nikasema. Vuai akanivuta gauni kwa nyuma. Nikaupiga mkono wake. "Daktari, hilo si jina lake. Kadi si yake. Huyu ni Japheth, ni mume wangu, tuna mtoto, na hamjui mtoto wake! Anauliza kitu kimoja tena na tena. Ametapika. Tazama macho yake! Mkitaka kunifunga mnifunge, lakini mtazame macho kwanza."

Kalamu ilisimama. Daktari aliinua kope za Japheth, akamulika jicho moja, akamulika la pili. Kisha akapaza sauti kwa Kiarabu, na watu wakaja mbio, wakamsukuma na kitanda chake wakapotea naye.

Wakanieleza baadaye. Ubongo ulikuwa umetikisika, na ndani damu ilikuwa inavuja. Ilibidi wamfungue waizuie. "Ningemwacha alale," daktari akaniambia, akakaa karibu yangu. "Mgonjwa wa namna hii ukimwacha alale, anaweza asiamke." Kuhusu kadi, alimgeukia Vuai, akamwambia alete iliyo sahihi. Vuai alikwenda The Pearl analia njia nzima, Wesley ndiye aliyeniambia.

Madam alipiga simu mpaka chaji ikaisha. Sikupokea. Nilikaa kando ya kitanda, na kila muuguzi alipokuja kumuuliza jina lake, nilishika chuma cha kitanda. Mara alisema Wesley. Mara hakusema kitu. Mara alisema neno ambalo si jina la mtu yeyote. Nilianza kuzoea wazo kwamba nitamrudisha Kimilili mgeni.

Kulipopambazuka muuguzi Mfilipino akaja na tochi yake na Kiingereza chake. "Jina lako nani?" Japheth akafumbua macho, akanyamaza. Muuguzi akaninyooshea kidole. "Na huyu ni nani?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akageuza shingo taratibu, akamtazama muuguzi kama anayepima iwapo anaelewa Kiswahili, akaninong'oneza:

"Mama Nekesa, niseme ukweli, ama bado tunacheza?"