Miche ya Bénite

Katika Butembo nzima hapakuwa na mtu mwenye maneno mengi juu ya miche kama Josaphat. Ukifika kwenye pepinieri yake, kitalu chake cha miche kule chini kando ya mto Kimemi, hata kama unataka grevilea ishirini tu za mpaka wa shamba, utafundishwa kwanza. Ukishika mche kwa shina, anakunyang'anya na kukuuliza kama mtoto wako naye unambeba kwa shingo. Unaonyeshwa jinsi ya kushika sashe, kile kifuko cha plastiki cha mche, kwa chini ili udongo usiachane na mizizi. Unakatazwa kuipakia kwenye lori bila kuifunika, maana upepo wa njiani hukausha majani kuliko jua. Na ukisema utaipanda mwezi ujao, basi hakuuzii. Rudi mwezi ujao, atakuambia, mche haujui kungoja. Wengine waliudhika wakaenda kununua kwingine, na mwaka uliofuata walirudi kwake na kofia mkononi.

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Ndiyo maana yaliyompata yanauma.

Yeye na mkewe Jokébed walikuwa wamebakiwa na mtoto mmoja, Bénite, binti wa miaka ishirini na miwili, mwenye mikono ya kazi. Kuchanganya udongo mweusi wa msituni na mchanga na samadi, kujaza sashe, kuzihamisha kila mwezi na kukata mizizi iliyotoboa plastiki, yote aliyajua kuliko vijana wote waliowahi kuja kujifunza pale. Sasa, kwetu msichana hapewi shamba. Shamba ni la kaka zake, na kama hana kaka ni la baba zake wadogo. Lakini Josaphat alikuwa mbishi, akasema huyu wangu atapewa. Akamkatia kipande cha mteremko huko Kipese, kwenye ardhi aliyoachiwa na baba yake. Wazee wa ukoo walinung'unika wee, mwisho wakakubali kwa sharti moja, kwamba Bénite apande miti na miti ishike. Shamba lenye miti lina mwenyewe. Ndipo mwezi wa nne wa mwaka 2002 Bénite akasia mbegu zake za grevilea, akapata miche mia tatu, akaitenga kwenye tuta lake peke yake karibu na maji.

Kufikia mwezi wa kumi ilikuwa tayari, mvua imeshika, milima imelainika. Ilibaki kazi moja tu. Wamama wa kanisa la Eringeti, kule mbele ya Beni, walikuwa wameagiza miche ya avoka, yaani parachichi, na ilihitajika mtu wa kuisindikiza mpaka kule ili isitupwetupwe njiani. Bénite akasema ataenda yeye, hamwamini dereva yeyote. Asubuhi ya safari alipanda lori juu ya mzigo, akajipangia nafasi katikati ya miche, akainama kumwambia baba yake:

"Papa, juma moja tu. Nikirudia, tunaenda ku Kipese na miche yangu. Usiende bila mimi."

Josaphat akacheka, akamuuliza nani angethubutu.

Juma lile lile vita vikashuka kutoka upande wa Mambasa. Watu walikimbia kwa maelfu, magodoro kichwani, kuku mkononi, wakajaa Eringeti, wakajaa Oicha, wakamiminika Beni. Barabara ikafungwa. Josaphat alingoja majuma saba, halafu akashindwa. Akaenda Beni, mahali kwa mguu, mahali kwa pikipiki, akapita kila shule na kila kanisa walimolala wakimbizi, akiuliza kama kuna aliyemwona msichana mrefu aliyekuja na miche ya avoka. Siku tisa aliuliza. Akarudi nyumbani amevimba miguu, hana habari yoyote.

Majirani walikuja kumpa pole. Wote walimwambia neno moja, subira huvuta heri. Ni methali nzuri, siibishi, lakini aliyeitunga hakuwa na pepinieri.

Maana mvua za mwisho wa mwaka zilikwisha na ile miche mia tatu ikiwa bado kwenye tuta. Mwezi wa tatu mvua nyingine ikaanza. Eliezer, rafiki yake wa kanisani ambaye naye alikuwa anakuza miche, akaja akaitazama, akatikisa kichwa. Akamwambia kwa upole kwamba imeshapitiliza wakati wake, waipeleke Kipese sasa, Bénite akirudi ataikuta imesimama. Josaphat akajibu kwamba mwenye miche mwenyewe alimkataza. Eliezer akaona hapa haongei na fundi tena, anaongea na mzazi, akaaga.

Na Josaphat akafanya jambo ambalo angemfukuza mwanafunzi yeyote kwa kulifanya. Hakutaka miche ikue. Alitaka binti yake aikute vilevile alivyoiacha, urefu wa dhiraa moja. Basi akaizidishia kivuli, akaipunguzia maji, akaikata ncha. Kila Jumamosi aliinua sashe moja moja na kukata kila mzizi uliojaribu kutoka. Utunzaji ule ulikuwa wa ajabu. Majani yalikuwa ya kijani, hakuna hata mche mmoja uliokufa, na watu waliopita walisifu. Lakini ndani ya plastiki nyeusi mizizi ilikosa pa kwenda, ikawa inajizungukia yenyewe, mwezi baada ya mwezi. Yeye alijua. Alijua na akajikataza kufikiri.

Mwezi wa nane wa mwaka 2003, njia zilipofunguka, mwanamke mmoja aliyekonda alishuka bondeni akiuliza baba yake Bénite ni yupi. Aliitwa Florentine, mwenyeji wa Eringeti, mmoja wa wale wamama walioagiza avoka. Jokébed akamletea kiti. Florentine hakukalia kiti, akakaa chini kabisa, nao wakaelewa kabla hajafungua kinywa.

Alieleza kwamba wakimbizi walilala shuleni, mamia, choo kimoja. Kuhara kukaingia. Bénite alikuwa akiwachotea maji wazee, kisha naye akashikwa, na siku ya nne akaondoka. Wakamzika nyuma ya shule. Usiku uliofuata risasi zikafika, na Florentine akakimbia na watoto wake mpaka ng'ambo, Uganda, ambako alikaa miezi yote hiyo bila njia ya kurudi. Alikuwa na neno la marehemu, na neno hilo halikumpa usingizi.

"Alisema hivi: umuambie papa asiningojee. Miche ipandwe na hii mvua."

"Mvua gani, mama?" Josaphat akauliza.

"Ile ya mwezi wa kumi na moja. Ya mwaka jana."

Jokébed alilia mpaka sauti ikakatika, wanawake wa mtaa wakaja kumshika. Josaphat hakulia. Akasimama akaenda kwenye tuta, akaanza kumwaga maji kwenye miche kama mtu aliyechelewa kazini. Moyoni alikuwa na jambo moja tu. Binti yake amekwenda, lakini miti yake itasimama Kipese, na mteremko ule utaitwa wa Bénite mpaka yeye mwenyewe afe na baada yake. Alilishika jambo hilo kwa mikono miwili.

Mwezi wa kumi, kabla ya kuipeleka miche Kipese, Eliezer alikuja tena, na kisu. Akamwambia bado kuna njia, ngumu lakini ipo: kukata chini ya kila sashe, kuchana ile mizizi iliyojiviringa pande zote, na kupunguza shina nusu. Mingi ingekufa, lakini itakayobaki itakuwa miti. Josaphat akachukua kisu, akachuchumaa mbele ya mche wa kwanza. Mbegu hii Bénite aliiweka kwa vidole vyake. Kisu kikamshinda, akamrudishia mwenyewe.

Miche ilipanda milima kwa chukudu nane, zile baiskeli za mbao za kusukuma, imefunikwa majani ya ndizi, hakuna aliyeishika kwa shina. Wazee wa ukoo walisimama wakatazama mashimo yakichimbwa, wakasema kazi ni nzuri. Mpaka Krismasi grevilea zile zilikuwa zimesimama kijani, na Josaphat, aliyebaki kule na mkewe kuitunza, akamwandikia Eliezer mjini kwamba umeona.

Mwezi wa kwanza mvua ikakata, kama inavyokata kila mwaka. Ni majuma machache tu, mti wenye mizizi hauyajali. Ile ya Bénite ikaanza kugeuka rangi kuanzia juu. Josaphat akabeba maji kutoka bondeni, yeye na Jokébed, madumu kwa madumu, hata mgongo ukamkatalia. Mwezi wa pili ulipofika katikati mteremko mzima ulikuwa wa kahawia. Akashika mche mmoja, akauvuta kwa vidole viwili tu, ukatoka. Plastiki waliivua siku ya kupanda, lakini mizizi ilikuwa bado na umbo la sashe, duara na chini bapa. Miezi minne kwenye udongo mzuri na hakuna mzizi mmoja uliotoka nje. Akang'oa wa pili, wa tatu, mstari mzima, na yote ilikuwa hivyo. Mganga hajigangi, nawaambia.

"Mimi njo niliiua," akamwambia mkewe. "Kwa mikono yangu."

Siku ya tatu yake Jokébed akamwambia avae viatu, wanaenda kwa Solange, dada yake yeye Jokébed, aliyeolewa kilima cha pili kutoka pale. Josaphat akafikiri ni mambo ya matanga, akafuata.

Solange aliwapokea, akawapitisha nyuma ya jiko, akawaacha. Pale palikuwa na grevilea moja, imepita paa, shina limenyooka, majani yanacheza na upepo. Josaphat akautazama kwa jicho la fundi kwanza, akasema mti mzuri, nani aliukuza.

"Ni ya Bénite," Jokébed akasema. "Ulipoenda Beni kumutafuta, nilikuibia moja, nikaileta huku. Nikaweka ingine pa nafasi yake, usijue."

Josaphat akaweka kiganja kwenye shina, akalisukuma, kama alivyojaribu miti maisha yake yote. Halikutikisika.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Papa Bénite? Kwako wewe kuipanda ilikuwa kumuzika mutoto. Ungekuja kuing'oa."

Alitaka kukataa. Alifungua kinywa kukataa, na akakumbuka mwenyewe alivyokuwa miezi ile, akaona kwamba ni kweli, angekuja na jembe siku hiyo hiyo. Akakaa chini penye majani makavu, na machozi ambayo hayakutoka siku ya Florentine yakatoka yote. Alilia kwa sauti, mtu mzima, watoto wa Solange wakatoka jikoni kuangalia wakarudishwa ndani. Jokébed akakaa karibu naye.

"Zote zingekuwa hivi," Josaphat akasema.

"Ndiyo," Jokébed akasema. "Zote."