Kiatu Ndani ya Dohani

Anaclet hakuwa mtu wa kuogopa nyumba. Alikuwa amepiga plasta nusu ya nyumba za mtaa wa Glenwood, ndiyo maana alipopewa kazi ya kukarabati kijumba cha enzi za Malkia Viktoria, chenye varanda ya nakshi na mabati yaliyooza, alihamia humo humo na mkewe Laurette na binti yao wa pekee, Jeancy, wa miaka minne. Kulala bure, nani angekataa?

Siku alipobomoa tofali za dohani, lile bomba la moshi juu ya meko, kiatu kikaanguka. Cha mtoto, cha ngozi, kimekunjamana, kidole gumba kimetoboa mbele. Sasa Mkongomani wa kanisa akiona kitu kimefichwa ukutani, utamwambia nini?

"Fetishi!" Laurette akapiga kelele. "Choma, Papa Jeancy, choma kwa jina la Yesu!"

Wakaimba, wakachoma, wakamwaga jivu barabarani. Lo, watu na haraka zao!

Tangu mchana ule dohani ikaanza kuvuta pumzi. Upepo hakuna, moto hakuna, lakini masizi yanadondoka kidogo kidogo, kama kuna mtu anateremka akitafuta pa kukanyaga. Jeancy akawa anakaa mbele ya meko, anacheka peke yake.

"Iko mtu mule," alisema. "Anataka kuona miguu yangu."

Anaclet akampigia simu mwenye nyumba, na yule mama akashtuka kusikia kiatu kimechomwa. Wajenzi wa zamani, akasema, walificha humo kiatu cha mtoto wa nyumba, kilichochakaa kabisa, chenye umbo na jasho la mguu wake. Kinachoshuka dohanini kikikuta kiatu, kitadhani kimempata mtoto, kitabaki hapo hapo.

"Rudisha kingine. Kilichovaliwa, umesikia?"

Alisikia. Lakini jamani, Anaclet! Mwanamume anayepiga pasi hata ovaroli, atoe kiatu kibovu cha mwanawe? Huyo wa dohanini amcheke? Akaenda soko la Warwick, akanunua kipya, cheupe, kinang'aa, akakijengea mle dohanini kwa tofali.

"Heshima ni heshima," akamwambia mkewe.

Dohani ikanyamaza. Jumamosi akapaka rangi huku anaimba.

Jumapili asubuhi, wakijiandaa kwenda kanisani, akamkuta Jeancy mbele ya meko amevaa viatu vyake vya kila siku, vile vilivyokwisha visigino.

"Vua hivyo, mama, tunachelewa."

"Amekinusa kile cheupe, Papa. Amesema mule ndani hamna mtu." Mtoto alisema bila woga hata chembe. "Anataka hivi. Ameshanishika kidogo, kupima."

Anaclet akapiga magoti, akamvua kiatu. Kwenye kifundo cha mguu, juu ya soksi nyeupe ya kanisani, palikuwa na vidole vinne virefu vya masizi, na cha tano kilikuwa bado kinajichora.