Vikombe Viwili vya Hamira

Kikombe cha kushoto kilikuwa kimetulia tuli. Cha kulia kilikuwa kinatoa povu, linapanda polepole mpaka ukingoni, na harufu yake imejaa jiko zima. Vyote nilikuwa nimevitia maji ya uvuguvugu, kijiko cha sukari na kijiko cha hamira. Nilikuwa bado nimeviinamia mama mkwe alipoingia, akaviona, akasimama palepale mlangoni.

Naapa sikuwa nimemtegea.

Mwanamke huyu alikuwa ameoka mikate ya watu kwa miaka thelathini na moja, kabla mikono haijaanza kumtetemeka akaja kukaa kwetu. Mkate wa nyumba aliukanda mwenyewe. Unga ulimwagika sakafuni, donge lilimponyoka, lakini mkate ulitoka na tuliula. Ndipo mume wangu, kwa nia njema kabisa, akanunua mashine ya mikate. "Sasa pumzika, mama," alisema. "Unatia vitu, unafunga kifuniko, basi."

Mama aliitazama ile mashine juu mpaka chini. "Na mimi?"

Mume wangu alidhani ni utani, akacheka.

Kazi ya mashine ikaniangukia mimi. Mkate wa kwanza ulitoka mfupi na mgumu, mume wangu akauegemeza kwenye mlango usijifunge. Nikalaumu unga, maana nilikuwa nimetia ngano isiyokobolewa tupu, na ule ni unga mzito, unakunywa maji haushibi. Nikabadili, nikaweka mweupe mtupu. Likatoka tofali jeupe. Nikazidisha hamira, wapi! Muda wote mama alikuwa amekaa dirishani, ananitazama, nami nikajiona mke wa kuchekwa.

Wiki ya pili nikamkuta anakunja nguo zake, anazipanga begini. "Ugeni umetosha," alisema. "Jumamosi narudi kwangu." Huko kwake hapakuwa na mtu. Ndiko alikoanguka akalala sakafuni kutwa nzima, akisubiri wa kumwinua.

Ijumaa, nikitafuta siagi nyuma kabisa ya friji, mkono wangu ukagusa chupa ndogo iliyoviringishwa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Hamira. Ile mpya niliyoinunua pamoja na mashine. Kumbe kwenye kopo letu alikuwa amejaza nyingine, ya zamani, iliyokwisha kufa, aliyokuja nayo begini. Iliyo hai alishindwa kuimwaga. Ndiyo maana nikatoa vikombe viwili, cha kushoto hamira ya kopo, cha kulia ya chupa, nihakikishe.

Sitasema uongo, damu ilinichemka. Wiki mbili nachekwa ndani ya nyumba yangu. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nikainua macho, nikamwona pale mlangoni, mikono ameibana kwapani isitetemeke.

"Hiyo mashine ikiweza," alisema, "mimi mtanitakia nini?"

Nilimwonea huruma. Nikachukua kikombe cha kushoto, nikakimwaga kwenye sinki.

"Mama, hii iliyo hai niichanganye na unga gani?"

Alikitazama kikombe cha kulia. Kisha akavuta kiti.

"Mweupe vikombe viwili, ule mzito kimoja. Maji zidisha vijiko viwili, ule una kiu." Akasogea karibu na mashine. "Na kifuniko usifunge kwanza. Nataka niliguse donge."

Mashine ilipotulia, aliligusa kwa kidole kimoja. Kidole kilitetemeka. Donge likabonyea, likarudi juu taratibu.

"Bado," alisema. "Kijiko kimoja cha maji."

Jioni ile mume wangu alikula vipande vinne. "Mnaona? Mashine inajua kazi."

"Inajua," mama alijibu, akanisogezea ncha ya mkate, sehemu aliyoipenda kuliko zote. Mume wangu hajaambiwa mpaka leo. Jumamosi begi likarudi juu ya kabati.

Mama alikaa nasi miaka sita, mpaka alipofariki. Mashine ile ilishakufa, hii niliyo nayo ni ya tatu, na hamira za siku hizi unazitia kavu hivyo hivyo. Mimi bado nazipima. Natoa vikombe viwili, ndipo nakumbuka kwamba kimoja kinatosha. Cha pili sikirudishi kabatini. Nakiacha hapo mezani mpaka mkate uive.