Redio Imeshasema Arobaini

Jumatano asubuhi Sabina alikuwa anapepeta dagaa kwenye meza yake pale Mwaloni, Kirumba, wakati redio ya mbao ya fundi Mashimba ilipoanza kusoma taarifa ya habari ya mwaka themanini na tatu. Mashimba alikuwa ameihangaikia wiki nzima. Aliigonga ubavuni, akasikiliza, akatangaza kwamba redio imepona. Kama tarehe ina tatizo, hiyo si kazi ya fundi.

Ilikuwa taarifa ya saa mbili usiku, nayo ikasomwa saa mbili asubuhi. Wachuuzi wakasogea, maana habari za zamani ni tamu kama hazikukuhusu. Msomaji, kwa ile sauti ya enzi zile iliyopigwa pasi, akasema sukari imewasili Mwanza na wananchi wanaombwa kuwa watulivu. Watu wakacheka. Akasema kiboko ameingia katika ofisi ya ushirika, akala maua ya mwenyekiti, na kikao kimeahirishwa. Wakacheka zaidi. Akasema kiongozi mmoja amewahakikishia wakazi kwamba tatizo la maji ya bomba litakuwa limekwisha ifikapo mwaka kesho. Hapo mama mmoja aliyekuwa anatoka ziwani na ndoo kichwani ikabidi aitue, asije akaimwaga kwa kicheko.

Mwisho msomaji akasema, "Wazururaji arobaini wamekamatwa leo mjini Mwanza, na wamevushwa kwenda Sengerema kulima."

Sabina hakucheka. Ungo ulimgandia mikononi.

Siku ile alikuwa na miaka sita. Mama yake, Tereza, alikwenda kupanga foleni ya chumvi kwenye duka la ushirika, akamwacha kwa jirani na mboga ikiwa jikoni. Lori likaja. Waliokuwa na kitambulisho cha kazi waliachwa kwenye foleni. Tereza hakuwa nacho, kwa kuwa kulea mtoto na kufua nguo za watu hakukuhesabiwa kuwa kazi. Hakurudi tena. Usiku ule jirani alimlisha Sabina mboga isiyo na chumvi, na mpaka leo akipatwa na huzuni chakula humpooza mdomoni.

Saa tatu kiboko akapita katikati ya meza akielekea ilipokuwa ofisi ya ushirika, ambayo siku hizi ni duka la simu. Watu wakampisha. Punde foleni ikajipanga mbele ya duka la jirani yake, lililokuwa zamani duka la ushirika, na wapita njia wakaunga mkia bila kuuliza kinachouzwa, maana foleni ni foleni. Sabina akaelewa kwamba taarifa inatimia habari baada ya habari, na kwamba ile ya mwisho ina magurudumu. Akatupa ungo, akakimbia.

Alimkuta mama yake mwishoni kabisa, na kikapu chake cha ukindu, na kovu dogo la moto kwenye kiwiko. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alipoona mtu mzima amesimama mbele yake, akapiga goti kidogo kama mtoto aliyelelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Toka kwenye foleni. Chumvi ninayo mimi, njoo nikupe."

"Nitapoteza nafasi yangu, mama. Na mtoto nimemwacha kwa jirani."

"Mtoto gani?"

"Sabina wangu. Anaongea huyo, kutwa nzima, redio ina afadhali."

Sabina akamshika mkono akamvuta. Mezani akampa pakiti ya chumvi. Tereza aliigeuza geuza, akasema ni nyeupe mno lakini itakolea. Sabina alikuwa na maneno ya miaka arobaini na zaidi, na alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa, lori likanguruma kule barabarani.

"Wanakamata watu," akasema. "Ingia chini ya meza."

Tereza aliingia bila kuuliza. Neno hilo halijawahi kuhitaji maelezo, mwaka wowote.

Mgambo walikuwa wawili. Mmoja alivaa kaptura ya kaki ya enzi zile, mwingine alivaa sare ya siku hizi, na walifanya kazi pamoja bila kutambulishana. Walisomba foleni, wakaruka waliokuwa na vitambulisho, wakahesabu. Wakahesabu tena. Walikuwa thelathini na tisa.

"Redio imeshasema arobaini," akasema wa kaptura.

Mashimba akajaribu kusaidia. "Si mpeleke hao hao, afande? Nani atahesabu?"

"Imeshasomwa, mzee. Tukipunguza mmoja tutakuwa tumemfanya msomaji mwongo."

Akaanza kupita kwenye meza, akigonga turubai kwa kirungu. Alipofika kwa Sabina aligonga juu, kisha akashuka. Pindo la kanga ya Tereza lilikuwa limechungulia nje, jekundu, na lilikuwa linatetemeka. Sabina akalikanyaga, akasogea mbele ya mgambo.

"Kitambulisho?"

Akatoa kadi yake ya mfanyabiashara mdogo. Yule wa sare ya siku hizi akaisoma. "Hii imeisha muda wake."

"Najua."

"Una kazi?"

Sabina akatazama dagaa, ungo, na mikono yake yenye magamba. "Nilikuwa nadhani ninayo," akasema.

"Panda."

Akapanda. Lori lilipoondoka, alimwona Tereza akitoka chini ya meza, akijikung'uta magoti, akipandisha kilima mbio na chumvi mkononi. Hakugeuka nyuma, kwa kuwa hakuwa na sababu. Sabina alifurahi, na furaha ile ikamuuma.

Kivukoni waliambiwa wakae sakafuni. Hapo ndipo kumbukumbu nyingine ikamwingia taratibu. Jioni ile ya utotoni mama alifungua mlango akihema, akatia chumvi kwenye mboga, akaizidisha kwa kutoizoea, na yeye Sabina akalalamika mpaka akalala. Alijilamba midomo. Ilikuwa na chumvi.

Simu yake ikaita. Kwenye kioo palikuwa na jina "Mama", ambalo asubuhi halikuwamo.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ya kizee, na haikuwa na haraka. "Mbona kelele hivyo, uko wapi?"

Mgambo walikuwa wanafunga mnyororo wa lango la kivuko. "Bado niko sokoni, mama."

"Basi ukirudi pitia dukani, chumvi imeisha. Mboga iko jikoni. Usichelewe, nakusubiri."

"Sichelewi."

Kivuko kikapiga honi, kikaelekea Kamanga, upande wa Sengerema, kikiwa na wazururaji arobaini, kama ilivyosomwa.