Choo Chenye Heshima

Phelista alikuwa akipima dagaa wa omena sokoni Bungoma alipobanwa tena na haja ndogo. Akaifunika omena kwa gunia, akamwachia Nasimiyu muuza nyanya biashara, akashika njia ya vichakani kando ya reli. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na ugonjwa huo hauna adabu: haungoji mteja aondoke.

Si kwamba watu wa soko hawakuomba choo. Phelista mwenyewe ndiye aliyesimama mkutanoni akakiomba. Mzee Barasa, mwenyekiti wa soko, akakohoa na kusema kwamba neno hilo halifai mbele ya wageni wa kaunti.

"Tutasema maliwato."

"Maliwato ndiyo nini?" Phelista akauliza.

"Ni choo chenye heshima, mama."

Kina mama wakapiga makofi. Nani akatae heshima?

Kazi akapewa Khisa, mkandarasi wa Kitale, na Phelista akafurahi kimoyomoyo, kwa kuwa Khisa alikuwa amemwoa bintiye, Pauline. Khisa akaleta fundi wa rangi. Fundi akachora mlango kwenye ukuta wa ghala la mahindi, na juu yake akaandika MALIWATO kwa herufi za buluu zilizonyooka vizuri. Utepe ukakatwa, soda zikanywewa. Nyuma ya ukuta mlibaki mahindi.

Siku moja Nasimiyu, akiwa amebanwa vibaya, alisimama mbele ya ule mlango wa rangi.

"Mariwato, si unifungulie tu, bana," akasema.

Mlango ukafunguka. Aliyesema choo alikuta ukuta. Aliyesema maliwato, hata kwa r, aliingia. Ukuta haukuwa mwalimu wa Kiswahili.

Ndani mlikuwa na vigae vyeupe, maji ya moto na kioo cha kujitazamia. Nasimiyu alipomaliza alifungua mlango wa upande wa pili, akajikuta katika nyumba ya Khisa kule Kitale. Pauline alikuwa jikoni akikata sukuma wiki.

"Habari ya Bungoma?" Pauline akauliza.

"Ni mzuri. Hii choo ni yenu?"

"Ni yetu. Khisa alisema ati vitu zilibaki kwa ile kazi ya soko."

"Zilibaki mingi," Nasimiyu akasema, akanawa mikono, akarudi kwa nyanya zake.

Tangu hapo soko zima likawa linaingilia pale. Asubuhi Khisa alisimama kwenye foleni nyumbani kwake, taulo begani, nyuma ya muuza viazi na muuza mitumba, akiwajulia hali. Alilalamika mara moja tu, kuhusu sabuni.

Ni Phelista peke yake ambaye hakuingia. Kwa mila zao, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, wala hali naye meza moja, sembuse kukalia anapokalia yeye.

"Pauline anasema ukuje," Nasimiyu alimletea salamu. "Khisa ametoka."

"Hata akitoka. Kiti si ni chake?"

Phelista alimkasirikia Khisa hadi akakosa hamu ya chai. Kisha akaona haya kumkasirikia mkwe, na haya hiyo ikamuuma kuliko hasira. Akaendelea kwenda relini.

Afisa wa kaunti akaja kukagua. Akatamka neno, akaingia, akakaa sana. Alitoka akinukia sabuni ya Pauline, akatangaza mbele ya mkutano wa soko kwamba mradi umekamilika na kwamba hajaona vigae vya namna ile hata makao makuu. Wakampigia makofi.

Phelista akasimama.

"Mimi naomba choo," akasema. "Choo tu. Hata ya shimo."

"Mama, na maliwato si iko hapo?" Mzee Barasa akamuuliza kwa upole. "Ulitaka heshima, ukapewa."

Watu wakamgeukia. Ili ajibu, ingembidi ataje choo cha mkwe wake mbele ya wanaume, na mdomo wake haukulelewa hivyo. Akaketi. Mkutano ukafungwa kwa maombi, na ombi la choo likafungwa pamoja nao.

Kabla ya amina kupoa alikuwa amebanwa. Nasimiyu akaisogelea omena bila kuambiwa. Phelista akapita kando ya ghala, akasikia maji yakimwagika ng'ambo ya ukuta, na Pauline akicheka na mtu. Alikuwa na muda hajamsikia bintiye akicheka. Hakusimama. Akajifunga leso vizuri, akainamisha kichwa kama impasavyo mwanamke anayepita kwa mkwe, akaharakisha kuelekea relini.