Sekunde Saba za Ski

Kwa wananchi wote wa Rusizi, kwa jirani zetu wa ng'ambo ya mto, na kwa vizazi vitakavyokuja: mimi, Mutabazi, mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari na Katibu wa Klabu ya Mdahalo, natangaza rasmi kwamba safari ya kwanza ya ski katika historia ya Giheke ilifanyika mwezi Desemba, siku ya Jumatano, saa tisa alasiri.

Ilidumu sekunde saba. Iliishia katika mihogo ya jirani yetu Maman Nabintu, kichwa changu kikiwa kimetangulia.

Chanzo ni mdahalo. Mwishoni mwa muhula, Mwalimu Adrien aliandika ubaoni: "Safari za ski mlimani zinastahili gharama na usumbufu wake." Katika darasa zima hakuna aliyewahi kuona theluji. Barafu tunayoijua sisi ni ile inayoganda pembeni mwa friji ya fanta. Mimi nikapangwa upande wa wanaosema zinastahili, na kwa wiki nzima nikasoma kwenye kompyuta za shule. Nikajifunza kwamba mtu ananunua viatu vinavyobana kama pingu, glavu, miwani na bima ya kuvunjika mguu. Kisha anapanga foleni ili apandishwe mlima kwenye kiti kinachoning'inia katika waya. Akifika juu, anashuka. Akifika chini, anapanga foleni tena.

Nilieleza yote hayo kwa sauti ya askofu. Mpinzani wangu alikuwa Tuyishimire, ambaye nyumbani kwao ni kisiwani Nkombo na ambaye hulala kitanda cha juu yangu. Alisimama taratibu.

"Nyanya yangu hupanda mlima na kushuka kila siku, ndoo ikiwa kichwani," alisema. "Hajawahi kukatiwa tiketi. Je, Katibu mwenyewe ameshateleza wapi, zaidi ya bafuni?"

Darasa lilicheka mpaka Mwalimu akagonga meza. Nikaapa mbele ya wote kwamba muhula ujao nitarudi na ushahidi kutoka uwanjani. Kuapa ni rahisi mtu akiwa ameshiba maharage ya shule.

Basi likizo ikafika, na nyumbani kwetu Giheke hakuna aliyejali ski. Jumamosi ya wiki ile ilikuwa gusaba ya dada yangu Isimbi, siku ambayo wakwe kutoka Rwimbogo wangekuja kumwomba rasmi. Mama alikuwa ameagiza viti, turubai na makreti ya fanta. Lakini kitu kimoja hakikuagizwa popote. Isimbi alipokuwa mtoto wa miaka sita, babu yetu Mbarushimana, ambaye sote tunamwita Sogokuru, alimwahidi kwamba siku ya gusaba yake wakwe watapokewa kwa pombe ya ndizi aliyoikamua yeye kwa mikono yake. Sasa Sogokuru ana miaka themanini na mmoja. Ndizi zilikuwa tayari shimoni zinaiva. Alikuwa akiamka kila alfajiri kuzinusa, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Pombe ile hukamuliwa katika umuvure, gogo kubwa lililochongwa ndani likawa mfano wa mtumbwi. Umuvure wa Sogokuru una historia. Familia yetu ilipotoka Bukavu kurudi Rwanda, watu walipakia magodoro na masufuria kwenye lori. Sogokuru alipakia umuvure, na magodoro mawili yakashushwa ili upate nafasi.

Jumatano hiyo alikuwa ameuosha na kuuegemeza nyuma ya nyumba ukauke. Tuyishimire alikuwa amevuka kutoka Nkombo asubuhi kuja kutusaidia kupanga viti. Tukasimama kuutazama. Ulikuwa mrefu, laini, umechongoka kidogo mbele. Watoto wa Giheke huteleza kilimani kwa magamba ya mgomba, lakini Katibu wa Klabu ya Mdahalo hawezi kuonekana juu ya gamba la mgomba.

"Usifikirie ile kitu unafikiria," Tuyishimire alisema.

"Tutaurudisha kabla Sogokuru hajatoka kanisani."

"Mimi niko upande wa kupinga."

"Basi njoo ushuhudie nikikushinda."

Sasa nitoe taarifa ya usumbufu, kama mdahalo unavyodai. Kupandisha umuvure kilimani watu wawili kunachukua saa moja na nusu. Mabega yanachubuka. Udongo umeloa mvua, kwa hiyo kila hatua tatu za kwenda juu zinatoa mbili za kurudi chini. Katikati ya njia tulikutana na Maman Micheline, jirani yetu, akitoka kuchuma mboga.

"We Mutabazi, hiyo umuvure inaenda wapi?"

"Kwa fundi, Maman."

"Fundi gani mwenye anakaa juu ya kilima?"

"Ni mupya, Maman," Tuyishimire akadakia. "Bado hajajulikana."

Maman Micheline alitutazama kuanzia vichwani hadi kwenye magoti yenye tope. "Bana ba internat," alisema, yaani sisi watoto wa bweni, "munasoma sana mpaka akili inabaki kule kule." Akaenda zake.

Juu kabisa nilikaa ndani ya umuvure, nikavaa miwani ya jua ya Isimbi, nikainua mkono kuwasalimu mashabiki ambao hawakuwepo. Tuyishimire akasukuma.

Sekunde ya kwanza ilikuwa tamu. Nakiri hivyo. Ya pili pia. Sekunde ya tatu niligundua kwamba katika masomo yangu yote sikusoma popote namna ya kusimama. Ya nne na ya tano nilikuwa nikimwita Mungu kwa lugha zote tatu ninazofanyia mtihani. Ya sita tukagonga kisiki cha mparachichi. Ya saba nilisafiri peke yangu.

Nilipotoka kwenye mihogo, Tuyishimire alikuwa ameshuka mbio na amepiga magoti kando ya umuvure. Hakucheka. Hapo nikajua.

Chini yake kulikuwa na ufa wa urefu wa kiganja.

Mtu mwema angekwenda moja kwa moja kwa Sogokuru. Mimi nilikwenda kwenye sanduku langu la shule. Kila anayetoka bwenini anajua kwamba jerikani linalovuja huzibwa kwa sabuni. Nilichukua kipande changu, nikakikandamiza ndani ya ufa kwa kisigino cha kiatu, nikapaka juu nta ya mshumaa iliyochanganywa na masizi. Bwenini sabuni isiyo na alama ina wenyewe wengi, hivyo kila mmoja huchonga namba yake. Yangu ni 114. Kwa busara kubwa niliigeuza namba itazame chini.

"Itashika?" Tuyishimire aliuliza.

"Kama saruji ya Bugarama," nilisema.

Alhamisi wakakamua. Sogokuru alikataa kusaidiwa. Alikunja suruali, akashika majani makavu, akazisukuma na kuzikamua zile ndizi mpaka jasho likamdondoka puani. Halafu povu likaanza kupanda, jeupe, jingi, kabla hata ya mtama wa kuchachusha kutiwa.

"Muone!" aliita, akicheka kama kijana. "Muone vile inapanda! Miaka sitini nakamua, sijaona povu ya hivi. Ni baraka ya Isimbi!"

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa mikono iliyonukia sabuni.

Kisha umuvure ukalazwa kwenye shimo lake, ukafunikwa kwa majani ya migomba. Desturi yetu haina mchezo hapo: hakuna anayechungulia mpaka siku yenyewe. Kwa siku mbili nilipita karibu na shimo lile nikijifanya natafuta kuku.

Jumamosi wakwe walifika saa tano, wakakaa upande wao wa turubai, sisi upande wetu. Nilikuwa nabeba makreti Isimbi aliponiita kwa dirisha la nyuma. Yeye alitakiwa akae ndani mpaka atakapoitwa, amevaa mshanana, vazi letu la sherehe, shanga shingoni, mzuri kuliko nilivyowahi kukubali. Uso wake haukuwa wa bibi harusi.

"Bamefunua umuvure," alisema kwa sauti ya chini. "Haina kitu. Jerikani moja tu, na ndogo. Ingine yote imekunywewa na udongo."

"Labda ni bezi bameiba," nilisema.

Akanyoosha mkono nje ya dirisha na kukunjua vidole. Kiganjani kulikuwa na sabuni ya buluu, imeyeyuka pembeni kama peremende iliyomung'unywa. Katikati, safi kabisa, palisomeka 114.

"Ilitokea ndani ya kichungio," Isimbi alisema. "Sijaonyesha muntu. Mwizi wa namba mia moja kumi na nne, unamujua?"

Katibu wa Klabu ya Mdahalo aliweka kreti yake chini.

"Unajua Sogokuru anasema nini kule jikoni? Anasema ni mikono yake. Eti amezeeka, hakuziba vizuri, hakupima vizuri. Analia, Mutabazi. Sasa hivi atasimama mbele ya bakwe zangu aseme mikono yake imekwisha." Akanitupia ile sabuni. "Enda. Kabla hajakunywa."

Nilikimbia kuzunguka nyumba. Chini ya turubai, msemaji wa wakwe, Mzee Munyemana, alikuwa katikati ya utani wake. Siku ya gusaba wasemaji wa pande mbili hushtakiana mambo ya uongo, watu wacheke, kisha wapatane.

"Sisi tumekuja kwa amani," alikuwa akisema, "lakini pale kilimani tumeona njia ya chatu. Ameshuka toka juu, amelaza mihogo yote, upana wake kama mwili wa ng'ombe! Hatuwezi kuomba bibi kwa nyumba yenye inafuga nyoka. Kwanza mutuambie: ile nyoka ni ya nani?"

Watu walicheka sana, isipokuwa Maman Nabintu, ambaye alisimama akauliza, "Mihogo ya nani?"

Zamu ilikuwa ya Sogokuru kujibu kwa utani. Alisimama na kibuyu mkononi. Kwa kawaida mwenye nyumba huonja kwanza, wageni waone kwamba pombe ni salama.

"Mzee mwenzangu," alianza, na hakuwa akitania. "Kabla ya nyoka, mimi niko na neno. Nilimuahidi huyu mutoto pombe. Mutaona ni kidogo. Musilaumu nyumba. Mulaumu hii mikono..."

Akainua kibuyu kuelekea mdomoni.

"Usikunywe!" nilipiga kelele.

Kama hujui uzito wa kupiga kelele hiyo mbele ya wakwe, fikiria mtu anayepiga baruti kanisani. Mama yangu, Védastine, alishika kichwa. Mzee Munyemana aliacha kucheka. Nikatembea hadi katikati ya turubai, nikaweka sabuni juu ya meza ya wageni, namba ikitazama juu.

"Ile nyoka ni mimi," nilisema.

Mzee Munyemana akainama kuisoma namba.

"Nilipandisha umuvure ya Sogokuru kilimani Jumatano. Nikaipasua kwa kisiki. Nikaiziba na sabuni, sikusema. Ile povu haikuwa baraka, ilikuwa sabuni. Pombe imemwagika kwa sababu yangu mimi. Mikono ya Sogokuru haiko na kosa. Maman Nabintu, na mihogo ni mimi."

Sogokuru alishusha kibuyu. Alinitazama, halafu akatazama mikono yake, upande huu na upande ule, kama anayerudishiwa kitu kilichopotea.

"Ulikuwa unafanya nini na umuvure yangu kule juu?"

"Ski, Sogokuru."

"Ski njo nini?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo hayo kwa wiki nzima, kwa sauti ya askofu. Yalitoka madogo sana.

"Ni... muntu anapanda mulima kwa tabu, anapoteza bintu bingi, ili ashuke haraka."

"Na ulishuka?"

"Nilishuka."

"Sekunde ngapi?"

Tuyishimire, msaliti, alijibu kutoka kwenye makreti ya fanta: "Saba, Mzee. Nilihesabu."

"Saba," Sogokuru akarudia. Akanikabidhi kibuyu chenye pombe ya sabuni. "Sasa wambie bakwe kama ilistahili."

Wote walinigeukia, Rwimbogo nzima upande mmoja na Giheke upande mwingine. Dirishani niliona pembe ya mshanana wa Isimbi.

"Mbili za kwanza tu," nilisema. "Zile ingine, hapana. Munisamehe."