Kabla Hujamtaja Mtu

...na theluji ile haikomi, inaanguka tu kwenye skrini, vitone vyeupe vinashuka juu ya mji ambao Nyasuguta hajawahi kuufikia wala hatafika, mji wa ndani ya kompyuta, na mpelelezi wake, kajitu ka koti refu, kamesimama mbele ya mlango kanangoja kaambiwe la kufanya, na huku nje Homa Bay inaungua, mabati yanalia kwa joto, saa saba na dakika arobaini, saa ya lancha, mlango wa ofisi ya kupiga chapa umerudishwa nusu, na yeye jasho linamtiririka mgongoni lakini vidoleni anahisi baridi ya theluji ile, haki ya Mungu, baridi... mtaje mkosaji, skrini imemwandikia, andika jina lake hapa, na mbele ya maneno hayo kuna kamstari kanawaka, kanazima, kanawaka, na vidole vyake viko juu ya kibodi na haviandiki kitu. Pamela anasema jambo. Pamela ni mwenzake wa kazi, nyar Ndhiwa, binti wa Kijaluo, ameketi juu ya meza ya pili miguu ikining'inia, anakula karanga, na mkononi ana karatasi ya Okari, anamsomea Nyasuguta ushauri wa gemu kama mtu anayesoma matangazo kanisani, na Okari mwenyewe hayuko, Okari ndiye aliyekuwa akipiga chapa hapa zamani, alilimaliza gemu hili mara tatu, akahamia Nairobi, akaacha disketi saba na karatasi moja ya maarifa yake yote, mwandiko umesimama wima utadhani wa mwalimu wa dini... usimjaze mpelelezi wako nguvu za mkono, ndivyo inavyoanza karatasi, mwanzoni unapewa pointi kumi uzigawe, mkono, macho, masikio, kumbukumbu, na wajinga wote hujaza mkono, wakafika katikati ya hadithi wamevunja milango yote na hawajui lolote, wewe jaza masikio. Nyasuguta alijaza masikio, pointi sita nzima, bila kufikiri mara mbili, maana yeye mwenyewe si mtu wa masikio? Si ndiye aliyepata A ya Kiswahili shule nzima ikashangaa, Mkisii wa kutoka milimani, hata mwalimu akamwita malkia wa ngeli, na tangu siku hiyo nyumbani kwao kila neno la Kiswahili linapita kwake kwanza, barua ya chifu, daktari, polisi, wote wanamgeukia wanamuuliza, anasemaje huyu?

Na chini ya kiwiko chake kuna barua, asijifanye ameisahau. Barua ya baba mdogo Ombui. Imeshapigwa chapa, imekamilika, imebaki mstari mmoja na sahihi, inakwenda kwa kamati ya wachimbaji dhahabu wa Masara na nakala kwa polisi, inasema kwamba Chrispine, aliyerudi mwezi jana kutoka Kisegi alikokuwa akivua samaki, akaomba kuchimba tena, ndiye aliyemwacha mwenzake Mokaya afie chini ya ardhi wakati wa mvua za El Nino, akamkana mbele ya ndugu zake, na kwamba shahidi ni Nyasuguta, dada wa marehemu, aliyemsikia kwa masikio yake. Ombui yuko hoteli ya ng'ambo ya barabara, anakula samaki, saa nane kasoro atakuja kuichukua apande gari la Migori, na sahihi ikitiwa Chrispine atakamatwa kabla ya Ijumaa, hilo Ombui ameshalipanga na kila anayehusika, na isipotiwa hiyo ni karatasi tu ya kufungia karanga. Mstari uliobaki ni ule wa maneno ya Chrispine. Akasema, nukta mbili, halafu pengo. Nyasuguta alifika hapo saa saba kamili, akaliangalia pengo, akaichomoa barua kwenye taipureta, akafungua gemu. Kwa nini? Hajui. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye disketi... Sevu kabla hujafungua mdomo, anasoma Pamela, kila unapotaka kumuuliza mtu jambo zito, sevu kwanza, ukiharibu urudi ulikokuwa, na hapo Pamela anacheka, anasema angekuwa na hiyo sevu siku alipomjibu mama mkwe wake, na Nyasuguta anacheka naye, mdomo unacheka, lakini yeye hayuko Homa Bay tena, yuko Masara, ni Jumamosi, mvua.

Mvua ile jamani. Ilikuwa haina mwanzo wala mwisho, iliiangukia Masara kama theluji hii, bila haraka, siku ya thelathini au ya arobaini, barabara ya kutoka Migori imegeuka mto, na wao watu wa kanisa, yeye na Ombui na shangazi Bitutu na wengine wanne, walitembea kwa miguu baada ya ibada na vyombo vya chakula kichwani kwa sababu Mokaya hakuonekana kanisani, na Mokaya hakosi Sabato, Mokaya angekosa pumzi kwanza. Wakafika kwenye chumba chake, hayupo. Wakakaa. Wakapakua chakula, viazi na kuku wa kupikwa Ijumaa, wakasema amezuiwa na mvua mahali, atakuja, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kwamba yuko chini, si siku ile, Msabato hashuki mgodini Jumamosi, ni kama kumtafuta padre disko, na wachimbaji wengine wote walikuwa wamekimbilia makwao kwa ajili ya maji. Ndipo Chrispine akaingia. Hakubisha. Tope mwili mzima, tope hata mdomoni, macho tu ndiyo meupe, na alikuwa akihema hivi kwamba kila neno lilitoka nusu, na hao walikuwa wamegombana wiki ile, yeye na Mokaya, wote walijua, ugomvi wa kijinga wa kamba. Nyasuguta ndiye aliyesimama. Ndiye mwenye Kiswahili. Akamuuliza, Mokaya yuko wapi, mmefanyiana nini? Na Chrispine akamshika mkono, akamwita dada wa Mokaya kwa Kijaluo chake, akasema, "Simo. Simo, nyamin Mokaya. Simo!"

Simo. Mimi simo, msinihusishe, hayo ni yenu na ndugu yenu. Hivyo tu. Kiswahili safi, neno fupi, hata mtoto wa darasa la pili anaelewa. Ombui akamuuliza, anasemaje huyu? Na yeye akageuka, akamwambia kwa Kikisii, tena akinyoosha kila neno kama yuko mbele ya mwalimu, anasema hahusiki, anasema yeye hamo. Amejitoa. Ombui ni mtu mkubwa, ni fundi wa mawe, alimpiga ngumi moja tu ya taya, na taya likavunjika, lilisikika, na Chrispine akaanguka kwenye vyombo vya Sabato na hakusema neno lingine siku ile, wala kesho yake, wala kesho kutwa, maana angesema kwa mdomo gani? Akabaki ananyoosha mkono mlangoni kwenye mvua, ananyoosha, mpaka wakamfungia nje. Wao wakatoka kumtafuta Mokaya mtoni, wakauliza Migori mjini, wakafika hadi kwa rafiki zake wa Kuria. Jumatatu mchana wachimbaji waliporudi na kuanza kutoa maji ndipo akapatikana. Alikuwa ameketi. Hilo ndilo Nyasuguta halipendi, alikuwa ameketi kwenye ukingo mkavu, ameegemea ukuta, amevua buti zake na kuzipanga pamoja, na wazee wa kazi ile wakatazamana, mmoja akasema polepole kwamba huyu alishuka Ijumaa maji yakamfungia, na hakufa Jumamosi, huyu alifika Jumapili, alikuwa akingoja... na kilio kikaanza, na katika kilio hasira, na hasira ikapata jina, Chrispine, aliyekwisha kukimbilia Kisegi na taya lake bovu, na kwa miaka miwili Nyasuguta amelala na kuamka na jina hilo, amelichukia mpaka limekuwa kama dawa ya meno, asubuhi na jioni.

Okari anasema, anaendelea Pamela huku akipuliza maganda ya karanga, Okari anasema mtu wa gemu akikupa jibu la ajabu usilifasiri haraka, rudi kwake, muulize tena kwa maneno mengine, maana humu ndani waongo ni wachache kuliko unavyodhani. Halafu kikulacho ki nguoni mwako, hilo amelipigia mstari mara mbili. Halafu kabla hujamtaja mtu rudi kila mahali ulipopita, angalia tena. Wewe umerudi? Nyasuguta anatikisa kichwa, si ndiyo si hapana, anaitazama theluji, na ule mji umelala usingizi mzito, moshi unapanda kutoka kwenye bomba la nyumba moja, na katika moshi ule kuna mtu ameketi amevua buti, hapana, hakuna mtu, ni vitone tu vya skrini, ni usingizi wa lancha. Pamela anateremka mezani, anakuja kusimama nyuma yake, ana harufu ya karanga na sabuni ya maua, ananyoosha kidole kwenye ua wa nyumba ya mtengeneza saa, yule mzee aliyeuawa katika gemu.

"Nyar Kisii, hapa hujaangalia," anasema. "Angalia kwa simo."

"Kwa nini?"

"Kwa simo. Hii simo nyuma ya nyumba. Huoni simo?"

Na Nyasuguta anaiona, duara jeusi kwenye theluji, na anaanza kucheka kama anavyomcheka kila siku, maana huu ndio mchezo wao, Pamela husema samba na sule na sida, naye humrekebisha, shamba, Pamela, shule, shida, na Pamela humjibu kwamba afadhali yeye, nyinyi watu wa milimani p imewashinda, baba yako mdogo ananiita Bamela miaka yote, na wote hucheka na kazi ikaendelea, na kicheko kile kimeshafika kooni leo pia, kimefika, kinasimama. Samba si neno. Ndiyo. Samba si neno, kwa hiyo sikio linarekebisha lenyewe, linasema huyu ni Mjaluo, amekusudia shamba, basi yaishe. Sule si neno. Lakini simo ni neno. Simo ni neno zuri la Kiswahili, limekamilika, lina maana yake, halihitaji kurekebishwa, na sikio lenye A linalipokea mikono miwili, karibu neno, karibu ndani... simo, nyamin Mokaya... mkono wake ulikuwa unaonyesha nje... simo... ee Mungu wangu, shimo. Yuko shimoni. Alikuwa anasema shimo. Alikimbia nusu saa kwenye tope, na angesema kwa lugha ya mama yake, bur, mtu yeyote wa Masara angeelewa, jirani wa chumba cha pili angeelewa na kutoka na jembe, lakini hakusema bur, alitafuta Kiswahili kwa heshima ya wageni, kwa ajili yake yeye, dada wa rafiki yake aliyesoma, alimpelekea neno mkononi kama yai, na yeye... Anasemaje huyu? Anasema hamo. Jumamosi saa tisa mchana. Mokaya alikuwa ameketi wakati huo, hai, buti ziko pamoja, anajua Chrispine amekwenda kuita watu, anajua dada yake anakuja na chakula, anahesabu, sasa wameambiwa, sasa wanatafuta majembe, sasa wako njiani, Nyasuguta yuko mbele yao maana ndiye mwenye mbio, na saa zinapita, na Jumapili inaingia.

Skrini haijabadilika. Kamstari kanawaka, kanazima. Nje mtu anasukuma mkokoteni wa maji, ng'ambo ya barabara Ombui ameinuka, ananawa mikono kwenye ndoo ya hoteli, anasikika akicheka na mwenye hoteli, kicheko cha mtu aliyeshiba, na Nyasuguta anashangaa kwamba bado anamsikia vizuri hivyo, kila kitu kinaingia masikioni wazi kabisa, mkokoteni, maji, karanga zikivunjika. Hana chuki. Anaitafuta, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chake mwenyewe akitafuta mlango, haipo, pale ilipokuwa kuna taya la kijana lililounganika vibaya, aliliona mwezi jana kwa mbali kwenye soko la Migori, linapinda upande, na alifurahi, jamani, alifurahi moyoni kuliona limepinda. Barua inasema alimsikia kwa masikio yake, na ni kweli, hakuna uongo hata mmoja katika barua ile, ndilo linalomkata maini.

"Haya basi, mtaje," anasema Pamela. "Lancha inaisha. Nani alimuua huyu mzee wa saa?"

"Nyasuguta."

Pamela anacheka, anampiga bega kwa mkono wenye chumvi. "Wewe ni mpelelezi, mama. Wewe humo."

"Nimo," anasema Nyasuguta, na Pamela anaacha kutafuna.